Seti Kumi na Moja, Beseni Moja

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nafasi ni moja. Daktari amelisema hilo leo saa mbili na robo asubuhi, mbele ya wafanyakazi wote wa kliniki ya meno, yaani mbele ya watu watano. Mwelimishaji Mkuu wa Afya ya Kinywa. Kuzunguka na gari la kliniki, kuingia mashuleni na sokoni, kufundisha watu kupiga mswaki. Koti jeupe. Kiti cha mbele.

Wagombea wawili. Mimi, karani wa mapokezi kwa miaka sita, mkazi wa Mtaa wa Juu. Na Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi wa meno ya bandia kwenye chumba cha nyuma, mkazi wa Mtaa wa Chini. Mimi namwita Shemeji, naye ananiita Shemeji. Mashemeji wawili, koti moja.

Masharti, kwa mujibu wa Daktari: Jumamosi saa tatu asubuhi kila mgombea alete watu ishirini wa mtaa wake. Watatafuna kile kidonge chekundu kinachopaka rangi utando, ule uchafu laini unaobaki kwenye jino lisilopigwa mswaki vizuri. Nesi atahesabu meno mekundu. Mtaa wenye machache ndio uliofundishwa. Kisha, akiwa anafunga daftari, akaongeza moja. Mgombea naye atapimwa kinywa. Mwenye jino bovu lisilotibiwa asahau kazi. Amesema huwezi kuuza sabuni ukiwa mchafu.

Nina gego bovu. Chini, kulia, la pili kutoka mwisho. Leo siku ya kumi na mbili linaniuma.

Kiti cha matibabu kiko hatua tisa kutoka mezani kwangu. Miaka sita nimewaambia watu sindano ya ganzi haiumi, ni kama kuumwa na sisimizi. Mwenyewe sijawahi kukikalia. Mganga hajigangi, wamesema wahenga. Makarani hawakuwataja, lakini nadhani tumo.

Anayejua ni mke wangu tu. Ameniambia niende nikaonyeshe. Nimemjibu nitakwenda. Tarehe sikuitaja.


Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimeamka na akili. Haitokei kila siku, kwa hiyo naiandika kabla haijapoa.

Jino la kuzaliwa nalo ni hatari. Limekaa mdomoni mwa mtu, na mtu hula sukari ukimgeuzia mgongo. Jino la bandia linavuliwa. Linaoshwa kwenye beseni. Halibishi. Nimepita nyumba kwa nyumba kabla ya kwenda kazini: Mtaa wa Juu una wazee kumi na mmoja wenye seti kamili, juu na chini. Nikiwapata wote, nabakiwa na nafasi tisa tu za watu wenye meno yao. Hao nitawachagua kama mbegu.

Nilimuuliza Daktari, kwa mbali, kama mtu mwenye meno ya bandia naye ni mkazi wa mtaa. Akanitazama. Akauliza nilitaka awe nani. Nimeihesabu hiyo kuwa ruhusa.

Hadi saa sita mchana nilikuwa nimewapata kumi. Mwalimu Mstaafu amekubali kwa hotuba ya dakika ishirini. Muuza Nyama amekubali kwa kutikisa kichwa. Kisu kilikuwa mkononi, sikurefusha mazungumzo.

Wa kumi na moja ndiye mtihani. Mama Mkwe. Anaishi kwetu, na ni mama mzazi wa mpinzani wangu. Mtu hamwombi mama mkwe wake meno. Nikamtuma mke wangu. Akarudi anacheka: Mama amesema meno hayo aliyatengeneza mwanawe, na yatakwenda kwa mwanawe. Nikarudisha ujumbe kwamba mwanawe ni wa Mtaa wa Chini, ilhali meno yanalala Mtaa wa Juu. Kisha nikaisikia sauti yake yenyewe nyuma ya pazia.

“Mwambie mumeo sheria ni sheria. Lakini akiyakwaruza, chakula changu atanitafunia yeye mpaka siku nitakayozikwa.”

Kumi na moja.

Gego: naliwekea karafuu. Kliniki nzima inanukia mafuta ya karafuu, maana Daktari huyatumia kwenye dawa ya kuzibia. Nikipita nanuka kama mahali pa kazi. Maficho bora kuliko haya hayapo.


Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimekwenda Mtaa wa Chini kumpeleleza Shemeji. Nilisimama nyuma ya ukuta wa duka, karibu na mapipa.

Mpango wake ni huu: anafundisha. Hakuna kingine. Amekaa hapo saa nzima na lile taya kubwa la plasta alilolichonga mwenyewe, anawaonyesha watu. Mara mbili kwa siku. Dakika mbili. Mswaki uinamie ufizi. Ukimaliza tema povu, usisukutue kwa maji, dawa ibaki ifanye kazi. Nilingoja hila ijitokeze. Haikujitokeza. Mtu wa namna hii ni wa kuogopwa.

Bibi mmoja alimrushia swali kutoka nyuma: na sisi tuliobakiwa na meno mawili tufanyeje?

“Hayo ni mayatima, bibi,” akasema. “Yatima hutunzwa kuliko mwenye wazazi.”

Watu wakaangua kicheko. Bibi naye akacheka, mayatima yote mawili nje. Utani rahisi sana. Nimeunakili nyuma ya daftari hili nije niutumie.

Kabla sijaondoka akaniona. Akaja, akanisalimu, akauliza mbona shavu langu la kulia limejaa. Nikasema nyuki. Akauliza nyuki gani. Nikasema wa kawaida. Akanusa. Akasema, taratibu, kwamba kama ni jino Daktari ana nafasi leo alasiri, na yeye mwenyewe yuko tayari kunishika mkono.

Nimemwelewa. Anataka nionekane nimekalia kile kiti siku tatu kabla ya mashindano, habari zienee. Ujanja wake ni wa hali ya juu, umejificha ndani ya wema kabisa.


Alhamisi, tarehe 6 Machi

Leo mke wangu amekuja kliniki. Hakuniita pembeni. Alipanga foleni. Mbele yake kulikuwa na watu wanne, akawangoja wote, akafika dirishani kwangu, akasema anaomba miadi ya mume wake.

Nikamuuliza kwa sauti ya kazi mume wake ana tatizo gani.

Akasema ni mwoga.

Foleni ikasogea karibu isikie vizuri. Nikamwambia woga hautibiwi hapa. Akasema basi niandike gego, la chini, kulia, na pembeni niandike kwamba mgonjwa huwa anasema uongo kuhusu nyuki. Kumbe Shemeji amempigia simu. Ukoo mzima sasa uko katika njama.

Nikaandika. Ijumaa, saa nne asubuhi. Aliinama akasoma mwandiko wangu, akatikisa kichwa, akaondoka. Saa nane mchana alikuja mzee mmoja kuulizia miwani. Alikuwa amekosea mlango, macho ni jengo linalofuata. Nikamwambia ana bahati, kesho saa nne kuna nafasi ya bure ya kuangaliwa meno. Alishukuru sana. Alisema hakuna karani mkarimu kama mimi katika jengo lile la macho.

Upande wa kushoto bado unatafuna vizuri. Binadamu ameumbwa na pande mbili kwa sababu.


Ijumaa, tarehe 7 Machi

Siku ya maandalizi. Naandika kwa mpangilio, ili baadaye ijulikane kosa halikuwa la mpango.

Saa tisa alasiri: wazee kumi wamefika barazani kwangu kukabidhi meno, kwa ajili ya usafi maalumu. Nimewaambia watayapata kesho saa mbili. Mama Mkwe alituma yake kwa mke wangu, yamefunikwa kitambaa cheupe kama maharusi.

Saa tisa na nusu: nimepanga vikombe kumi na moja vya plastiki. Kila kikombe nimekiandika kwa kalamu nene ni cha nani. Mwalimu Mstaafu. Muuza Nyama. Mama Mkwe. Na kuendelea. Kazi safi. Hata Daktari angevisifu.

Saa kumi: nimejaza beseni la bluu maji ya baridi. Si ya moto, maana ya moto hupinda plastiki, hilo najua, miaka sita si mchezo. Nimetia sabuni laini. Nimetia meno.

Yote.

Nilisugua kwa mswaki mlaini hadi saa kumi na moja na dakika ishirini. Ufizi wa waridi uling'aa. Magego yalimetameta. Niliyapenda, kusema kweli. Nikakausha mikono na kuvuta kikombe cha kwanza, kimeandikwa Mwalimu Mstaafu. Nikatazama beseni.

Vipande ishirini na viwili vilikuwa vinanitazama.

Nilikaa chini. Nikaviinua kimoja kimoja. Vyote vilikuwa vinatabasamu vilevile. Shemeji ni fundi mzuri mno, hilo ndilo tatizo. Angekuwa fundi mbovu ningeyatambua.

Sijakata tamaa. Kesho nitagawa kwa jicho. Uso mpana, seti pana. Ni hesabu tu.


Jumamosi, tarehe 8 Machi

Naandika kwa shida, nikiwa na pamba mdomoni. Nitaanza mwanzo.

Saa mbili asubuhi niligawa meno. Muuza Nyama alivaa, akajaribu kufunga mdomo, haukufunga. Jirani wa nyumba ya pili alikuwa akipiga mluzi kila penye herufi S. Wakaanza kunung'unika. Nikawaambia meno yakioshwa kitaalamu hushtuka, yatatulia kabla ya mchana. Waliniamini. Mtu aliyefanya kazi mapokezi ana sauti fulani.

Mama Mkwe alitoka nyuma ya pazia akiwa na meno makubwa yasiyo yake. Midomo ilikuwa mbali na mbali. Alitaka kusema jambo, nilimwona anataka, lakini mdomo haukumpa nafasi. Tangu nioe sijawahi kula kifungua kinywa katika utulivu ule.

Halafu Mwalimu Mstaafu akanigeukia na kutabasamu. Nikashtuka mpaka nikainamisha macho kwa heshima. Lilikuwa tabasamu la Mama Mkwe. Kamili, na ile dharau ya upande wa kushoto.

Nilijua. Ningeweza kuwazuia pale pale. Lakini saa ilikuwa mbili na dakika arobaini, na koti lilikuwa linaningoja.

Saa tatu kamili tulikuwa kliniki, mitaa miwili, watu arobaini, mabenchi yamejaa. Vidonge vikagawiwa. Watu wakatafuna, wakasukutua, wakakenua. Midomo ya Mtaa wa Chini ikawa imepigwa madoa mekundu hapa na pale. Wazee wangu waling'aa kama vigae vya bafuni. Nesi alihesabu kwa kioo na tochi, hakuharakisha. Saa nne na nusu akasoma matokeo.

Mtaa wa Chini, meno mekundu thelathini na moja. Mtaa wa Juu, kumi na manne. Na tisa kati ya hayo ni ya mwanangu wa mwisho.

Nimeshinda. Nimeiandika kama habari ya sasa kwa sababu kwa dakika nne ilikuwa kweli. Shemeji alikuja kunipa mkono, na alinipa kwa moyo. Daktari alifurahi. Akasema mtaa ulioshinda ungetoa neno moja la shukrani, na kwa kuwa kuna msomi, Mwalimu Mstaafu angefaa.

Ungeweza kumzuia mtu yeyote duniani asihutubie, si yeye. Akasimama. Akavuta koti. Akavuta pumzi ya miaka thelathini ya ukuu wa shule. Akasema, “Mabibi na,” na hapo seti ya juu ikatangulia mbele ya maneno, ikapita juu ya benchi la kwanza, ikatua mapajani mwa Mama Mkwe.

Aliitazama. Akaigeuza. Akatoa alichokuwa nacho mdomoni, akavaa ile, ikakaa barabara. Akasimama.

“Haya ni yangu,” akasema. “Sasa nilichokuwa nacho ni cha nani, maana kinanuka mafuta ya ng'ombe.”

Muuza Nyama akainua mkono polepole.

Kilichofuata nakifupisha. Kila mzee alivua. Meza ya Nesi ilijaa. Watu wenye meno na wasio na meno walikuwa wanacheka pamoja, na huwezi kujua kicheko cha mtu asiye na meno kinakwisha lini, hakina pa kuishia. Nilieleza kwamba ni kasoro ndogo ya uwekaji kumbukumbu. Shemeji alikwenda chumba cha nyuma, akarudi na sanduku la sanamu za plasta, kila moja ni mfano wa ufizi wa mgonjwa na nambari ya kadi yake chini. Akawa anachukua seti, anaiweka juu ya sanamu, ikikaa anaita mwenyewe. Dakika arobaini na tano, amemaliza. Alipokea shukrani kumi na moja. Mwalimu Mstaafu alipata meno yake na kuendelea pale alipoishia.

Nilitumaini katika vurugu ile wangesahau sharti la mwisho.

“Karani,” akasema Daktari. “Kiti.”

Nikamwambia kwa kuwa matokeo yangu yana utata, hakuna haja ya kupoteza muda wake. Akanyoosha kidole. Hatua tisa. Nilizihesabu, zilikuwa tisa kweli. Nikakaa. Taa ikawashwa. Nikafungua mdomo kiasi. Akasema zaidi. Nikafungua zaidi.

Akauliza tangu lini. Nikajibu tangu jana. Mke wangu, mlangoni, akasema siku ya kumi na saba. Daktari akashusha pumzi. Akasema Jumatatu angeliziba kwa nusu saa na ningezeeka nalo. Sasa usaha umefika kwenye mzizi. Lazima ling'oke. Alionekana amesikitika kweli, na hicho ndicho kilichonitisha.

Nikamwomba nifikirie. Akasema nimefikiria vya kutosha. Nikasikia joto mkononi: Shemeji amenishika, kama alivyoahidi. Akaniambia sindano haiumi, ni kama kuumwa na sisimizi. Maneno yangu hayo. Aliyasema vizuri kuliko mimi.

Nilipiga ukelele. Nataka kumbukumbu ziwe sahihi: sindano ilikuwa bado kwenye trei. Nesi alikuwa anachukua pamba.

Kung'oa kwenyewe kulichukua dakika tano. Nilisikia kubanwa tu. Sikusikia maumivu hata kidogo, na ilinikera, maana ukelele ulikuwa umekwisha kusikika na watu arobaini.


Jumapili, tarehe 9 Machi

Uji, vuguvugu. Pengo ni kubwa kuliko jino lilivyokuwa, hili lichunguzwe kisayansi.

Mama Mkwe amekuja kunijulia hali, mwenyewe, bila pazia. Akasema pole, baba. Nikamwambia nitamwomba Shemeji anitengenezee la bandia haraka, zuri kuliko la zamani. Akasema jino la pembe si dawa ya pengo. Akaketi. Akaendelea kwa saa moja na robo, maana meno yake yamekaa vizuri sana. Kwa muda wote huo sikuweza kujibu kwa sababu ya pamba. Mke wangu amesema hajamwona mama yake akifurahi hivyo tangu harusi yetu. Kisha akafikiri, akasema hata siku ya harusi hakufurahi hivyo.


Jumatatu, tarehe 10 Machi

Shemeji ndiye Mwelimishaji Mkuu. Daktari ametangaza saa mbili na robo. Koti linamfaa mabegani. Nilipiga makofi, kwa upande wa kushoto wa mwili.

Nilikuwa nimejiandaa kurudi mezani kwangu nikanyamaze mwaka mzima. Lakini nilipofungua dirisha, foleni ilikuwa imefika nje. Nilihesabu watu kumi na sita. Kwa kawaida Jumatatu ni watano. Nikamuuliza wa kwanza anaumwa wapi. Akasema haumwi popote, ila alikuwepo Jumamosi, alinisikia, na hataki kufika huko. Wa pili akasema hivyohivyo. Wa tatu hakuwepo, alisimuliwa. Alimleta mume wake.

Saa sita Daktari akaniita. Nilidhani ni barua ya kuachishwa. Akasema katika miaka yake yote ya kazi hajaona mafunzo yaliyoleta watu kumi na sita asubuhi moja. Kwa hiyo nitakwenda na gari. Shemeji atafundisha na taya la plasta. Mimi nitakaa kwenye stuli kando yake, nitafungua mdomo, watu watapita wakitazama pengo, nami nitasimulia ukweli kuhusu siku kumi na saba. Bila nyuki, amesema. Nikauliza nitakaa wapi garini. Akasema kiti cha mbele katikati, kati ya dereva na Shemeji.

Kiti cha mbele. Tafakari hilo. Shemeji amesoma miaka mitatu, amechonga taya, ametembea mtaa mzima na mswaki, ndipo akapata kiti cha mbele. Mimi nimekipata kwa kutofanya kitu.

Kisha akaniketisha tena, akanikagua kinywa chote. Safari hii sikupiga kelele, nilikuwa nawaza. Ameona tundu lingine. Juu, kushoto, dogo kama kichwa cha pini. Amesema nina bahati, limewahiwa. Dakika ishirini, linazibwa, limekwisha. Akaniambia nijiandikie miadi ya Jumatano hii, saa nne asubuhi.

Nimerudi mezani, nimefungua kitabu cha miadi, nimekaa nacho.

Pengo moja limenipa stuli na nafasi ya katikati. Mapengo mawili, moja kila upande, watu waweze kulinganisha, hayawezi kunipa pungufu ya kiti cha dirishani. Huenda hata koti. Lakini tundu dogo kama kichwa cha pini halimtishi mtu. Linahitaji muda likomae. Nimepiga hesabu kwa uangalifu, wiki kumi na sita zinatosha.

Nimejiandikia Jumatatu, tarehe 30 Juni, saa nne kamili asubuhi. Kwa wino.